Kabla hujapakia Canter ya zamani, sikiliza pedali ya breki

KABICHI, karoti na hoho zinazovunwa milimani Lushoto, mkoani Tanga, haziwezi kusubiri. Zikishakatwa asubuhi zinatakiwa ziwe Dar es Salaam alfajiri inayofuata, kabla bei ya sokoni haijashuka. Canter ikishajaa jioni hakuna anayetaka kusikia habari ya gereji. Mwenye mzigo anatazama saa, dalali anapiga simu, dereva anataka ujira wa safari yake. Mara nyingi ni katika dakika hizo ambapo dereva humpigia tajiri wake na kumwambia, "Bosi, pedali ya breki inabonyea." Jibu hulijua hata kabla hajalisikia: "Wewe pampu pampu tu, Jumatatu tutaiangalia."

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo, barabara hiyo inapokutana na barabara kuu ya kwenda Arusha, ni kilometa zisizozidi 35. Katika mwendo huo mfupi gari hushuka karibu mita 1,000. Chukua Canter yenye uzito wa tani tatu, iliyobeba mzigo wa tani tatu na nusu. Nguvu ya mteremko inayopaswa kuzuiwa ili gari hilo lisikimbie, kama yote ingegeuzwa kuwa joto, ingetosha kuchemsha pipa la maji la lita 200. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na matairi, upepo na injini. Inayobaki huishia kwenye dramu za breki, na kutoka kwenye dramu joto huingia kwenye mafuta ya breki. Pedali iliyokuwa "inabonyea kidogo" sokoni ndiyo inayotegemewa kuyazuia hayo yote.

Lushoto haiko peke yake. Anayetoa viazi Njombe kupeleka Dar es Salaam ana mteremko wa Kitonga mbele yake. Anayepita Singida kwenda Kanda ya Ziwa anaijua Sekenke. Wenzetu wa Kenya wanaosafirisha mazao kutoka Bonde la Ufa wana Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako malori yaliyoishiwa breki yameua watu wengi.

Magari mengi yanayofanya kazi hii yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na yalipo sasa yako mikononi mwa mmiliki wa pili au wa tatu. Wengi wanaoyamiliki si madereva, na wengi wanaoyakodi si mafundi. Lakini kuielewa pedali ya breki hakuhitaji cheti cha ufundi. Namna inavyobonyea ndiyo inayoonyesha ugonjwa uko wapi, na anayejua kuisoma haibiwi kirahisi gereji wala hapakii mtaji wake juu ya gari bovu.

Yanayoelezwa hapa yanahusu malori madogo yenye breki za mafuta, kama vile Canter, Isuzu Elf na Toyota Dyna. Malori makubwa ya breki za upepo, yale yanayosikika yakipumua yanaposimama, yana mfumo mwingine na dalili zake ni tofauti.

Pedali inayobonyea kama godoro

Dereva anapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta kupitia mabomba ya chuma na mipira hadi kwenye silinda ndogo zilizo ndani ya dramu. Silinda hizo husukuma viatu vya breki, ambavyo mafundi wengi huviita shuu, navyo hubana dramu kwa ndani. Mafuta hayo hayashindiliki. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule kwa nguvu. Breki nzima inategemea jambo hilo moja.

Upepo, kinyume chake, unashindilika. Ukiingia hata kidogo ndani ya mabomba, mguu wa dereva huanza kwa kuubana upepo, na nguvu inayofika kwenye dramu inakuwa imepungua. Hapo ndipo pedali inapohisi kama godoro: inakwenda chini, inarudisha mguu juu, lakini gari linasimama kwa kujivuta.

Wengi wakishaona pedali ya namna hiyo hukimbilia kusema breki zina upepo. Si lazima iwe hivyo. Kuna pedali inayokwenda chini kwa sababu viatu vya breki vimelika na viko mbali na dramu, hivyo mafuta mengi hutumika kuvifikisha tu. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kanyaga mara mbili au tatu kwa haraka. Pedali ikipanda juu na kuwa ngumu kama inagonga ukuta, tatizo kwa kawaida ni nafasi kati ya viatu na dramu: breki zinahitaji kukazwa, au laining zimekwisha. Ikipanda juu lakini bado ina mruko wa springi, kuna upepo ndani.

Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Kukaza breki ni kazi ya bisibisi na jeki. Canter nyingi za zamani hukazwa kwa mkono, kupitia tundu lililo kwenye bamba la nyuma ya dramu, ambako kuna gurudumu dogo lenye meno. Fundi huzungusha meno hayo mpaka tairi lishikwe, kisha hurudisha nyuma kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza sana. Fundi anayeanza kutoa upepo kabla hajakaza breki anaweza kumaliza chupa nzima ya mafuta na pedali isipande hata kidogo. Baada ya hapo atasema masta imekufa, na mwenye gari atatoa fedha za masta.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo limewaumiza wengi. Kwenye Canter nyingi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti, nyuma ya gia boksi. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu tairi hilo kuzunguka na breki ya mkono haishikilii tena chochote, hata kama imevutwa mpaka mwisho. Gari linaweza kutembea likiwa juu ya jeki na fundi yuko chini. Magurudumu ya mbele lazima yawekewe choki za mbao au mawe makubwa, mbele na nyuma, kabla ya jeki kuguswa.

Mwizi mwingine wa pedali ni mpira wa breki uliozeeka. Mpira wenye miaka kumi na tano huweza kuvimba kila dereva anapokanyaga, kama puto, na nguvu ikapotelea hapo. Msaidizi akanyage pedali kwa nguvu huku fundi ameushika mpira kwa mkono. Ukivimba utaonekana au utahisiwa. Mpira wenye nyufa kwa nje nao usisubiriwe. Kuna pia mpira unaooza ndani huku nje ukionekana mzima. Kipande cha ndani hulegea na kuziba njia ya mafuta kurudi, gurudumu moja likabaki limeshikwa. Ukisimama baada ya safari na kukuta dramu moja ina joto kali kuliko nyingine, anza hapo. Joto lipimwe kwa kusogeza mkono karibu, si kwa kugusa.

Fundi mzuri ana njia ya kupata penye kosa bila kubahatisha. Hubana mipira mmoja baada ya mwingine kwa kibanio maalumu chenye midomo laini, huku mtu anakanyaga pedali. Akibana mpira wa gurudumu fulani na pedali ikawa ngumu ghafla, ugonjwa uko kwenye gurudumu hilo au mpira wake. Koleo la kawaida lisitumike kwa kazi hii kwa kuwa linakata nyuzi za ndani, na mpira huo utapasuka siku nyingine mahali pengine.

Pedali inayozama polepole

Dalili ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani na uishikilie bila kuongeza wala kupunguza. Hesabu mpaka thelathini. Pedali ikiendelea kuzama taratibu kuelekea sakafuni, mafuta yanakimbilia mahali.

Kama yanatoka nje, yatafute. Kagua ndani ya matairi, maungio ya mabomba, na nyuma ya masta. Mabomba ya chuma ya magari yaliyofanya kazi pwani huliwa na kutu, hasa pale yalipofungwa na vibanio kwenye chesisi, ambapo tope hukaa na halionekani. Unyevu ukionekana kwa ndani ya tairi la nyuma, ni muhimu kujua ni mafuta gani. Mafuta ya breki ni mepesi na huharibu rangi. Mafuta mazito yenye harufu kali ni ya difu, na hayo yanatoka kwenye sili ya ekseli iliyokufa. Yote mawili yakishalowesha laining, breki ya upande huo haipo tena. Kuziosha kwa petroli na kuzirudisha ni kazi bure, kwani mafuta yaliyokwishaingia ndani hutoka tena zikipata joto. Zibadilishwe, pande zote mbili za ekseli hiyo kwa pamoja, na sili ifungwe mpya.

Kama hakuna kinachovuja nje na kiwango cha mafuta kwenye chupa hakishuki, masta yenyewe inavuja kwa ndani: raba zake zimechoka na mafuta yanapita pembeni badala ya kusukumwa mbele. Na kama kiwango kinashuka bila unyevu kuonekana popote, fundi aichunguze busta iliyoungana na masta, kwa kuwa mafuta huweza kunyonywa humo kimyakimya.

Kabla ya kununua masta mpya, mwenye gari ana haki ya kuomba ipimwe. Mabomba yanayotoka kwenye masta hufunguliwa na matundu yake huzibwa kwa plagi zinazolingana nyuzi. Masta ikiwa nzima na upepo wake umetolewa, pedali itakuwa ngumu kama jiwe na haitazama. Ikizama, imekufa. Ikibaki ngumu, masta ni nzima na fedha zisitoke; kosa liko mbele yake. Kipimo hiki huchukua muda mfupi kuliko kwenda duka la spea na kurudi, lakini gereji nyingi hazikifanyi mpaka mteja aombe.

Canter nyingi zina njia mbili za mafuta, moja ya mbele na nyingine ya nyuma, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ndiyo sababu gari lililopasua bomba bado husimama kwa tabu, huku pedali ikiwa imezama zaidi ya nusu. Dereva akizoea hali hiyo anaendesha kwa nusu ya breki akidhani ni "ulegevu wa kawaida".

Pedali ngumu, gari halisimami

Wapo wanaodhani pedali ikiwa ngumu basi breki ni nzuri. Pedali inaweza kuwa ngumu kupita kiasi na gari lisisimame. Injini za dizeli hazina mvuto wa hewa wa kutosha kuisaidia breki kama zilivyo za petroli, kwa hiyo hufungwa pampu ya kuvuta hewa, ambayo kwenye malori mengi madogo ya Kijapani iko nyuma ya alteneta. Pampu hiyo huifanyia kazi busta, nayo busta huuongezea nguvu mguu wa dereva. Pampu ikichoka, au mpira wake ukipasuka, dereva atalazimika kusimama juu ya pedali.

Kuipima ni bure. Zima injini. Kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia mpira wa kutoka kwenye pampu hadi kwenye busta, kisha valvu yake ya kuzuia hewa kurudi, halafu pampu. Busta yenyewe iwe ya mwisho, maana ndiyo ya bei kubwa. Pampu hiyo hupata oili kutoka kwenye injini kupitia mpira mdogo. Ukiziba, pampu husagika.

Busta ikiwa nzima na pedali bado ni ngumu lakini gari linateleza mbele, tatizo liko ndani ya dramu: laining zilizoungua na kung'aa kama kioo, zilizoloweshwa na mafuta, au za ubora hafifu. Gari likivuta upande mmoja, upande usiovutwa ndio mgonjwa mara nyingi: silinda yake imeganda au laining zake zina mafuta. Gari lililotoka kuvuka mto au dimbwi refu nalo hupoteza breki kwa muda. Dereva akanyage kidogo kidogo akiwa kwenye mwendo mdogo mpaka dramu zikauke.

Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa. Laining za zamani nyingi zilikuwa na asibesto, ambayo husababisha saratani ikivutwa kwa pumzi. Liloweshwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa cha kutupwa.

Breki iliyopotea mlimani ikarudi bondeni

Kuna kisa ambacho madereva wa milimani hukisimulia na mafundi wa bondeni hawakiamini. Gari lilikuwa zima. Katikati ya mteremko pedali ikaenda mpaka sakafuni. Dereva akaokolewa na gia na tuta la mchanga. Nusu saa baadaye fundi akafika, akakanyaga, pedali ikawa juu na ngumu. Fundi akamtazama dereva kwa jicho la kuuliza alikunywa nini.

Dereva anasema kweli. Mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kama chupa imefungwa. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Mteremko mrefu wenye breki iliyokanyagwa muda wote huweza kuvuka joto hilo. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unashindilika kama upepo. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa mafuta na pedali hurudi juu, hadi mteremko mwingine.

Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yaliyokuwa rangi ya chai kavu yamekaa mno. Kuyabadilisha yote kila mwaka mmoja au miwili ni ushauri wa kawaida, na kwa gari la kazi ya milimani mwaka mmoja ndio salama. Yanunuliwe kwenye chupa iliyofungwa. Ile chupa iliyobaki nusu chini ya kiti cha dereva tangu mwaka juzi imekwishanyonya unyevu wake.

Jina "mafuta" ndilo linalowaponza wengi. Mtu akiishiwa njiani huona hakuna ubaya kuongeza oili ya injini au ya hidroliki, kwa kuwa nayo ni mafuta. Oili hizo huvimbisha raba zote, kuanzia masta hadi silinda ya mwisho. Gari litafika, pengine, lakini baada ya hapo raba na mipira yote italazimika kubadilishwa na mabomba kusafishwa, na bili hiyo inaweza kula faida ya msimu. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, nayo haichanganywi na hizo nyingine. DOT 5.1 ni jamii ya DOT 3 na 4.

Kutoa upepo kwenyewe kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Mpira mwembamba hufungwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake ikiwa imezama kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua, anaacha viputo vitoke, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Akiachia kabla haijafungwa, upepo unarudi ndani. Na chupa ya juu ikikauka katikati ya kazi, wote wawili wanaanza upya.

Nani alipie?

Tatizo kubwa la breki za Canter haliko kwenye raba. Liko kwenye mgawanyo wa fedha. Katika utaratibu uliozoeleka, tajiri anataka hesabu yake kila wiki. Dereva hulipwa kwa safari. Gari likilala gereji siku mbili, dereva hali chakula na tajiri haoni hesabu, na mwenye mzigo anahamia kwa mwingine. Kila mmoja katika mnyororo huo ana sababu ya kunyamaza. Anayesema breki mbovu ndiye anayepoteza kwanza, na kwa hakika. Anayenyamaza anapoteza "labda". Watu wenye njaa ya leo huchagua labda.

Njia mojawapo ya kuuvunja mnyororo huo ni kuitoa fedha ya breki kwenye hesabu kabla haijagawanywa. Kwa mfano wa kukadiria tu, gari linalofanya safari 12 kwa mwezi likitengewa Sh5,000 kila safari, mwezi una Sh60,000 na mwaka una Sh720,000. Mwenye gari aweke bei za spea za mji wake badala ya mfano huu. Cha msingi ni kwamba fedha hiyo iwepo siku dereva anapopiga simu, na siku za gereji dereva apewe posho, hata iwe ndogo. Bila posho, tajiri hatapata taarifa ya kweli.

Upande wa bima, wengi wana ile ya lazima tu, ya mtu wa tatu. Hiyo hailipi gari lenyewe likianguka, wala kabichi zilizomwagika korongoni. Mkulima aliyepakia kwa mkopo wa pembejeo atalidaiwa deni lile lile.

Dakika tano kabla ya kupakia

Anayekodi gari ana nguvu moja tu, nayo ni kabla mzigo haujapanda. Ukishapanda, ameshafungwa. Kwa hiyo amwombe dereva, kwa heshima na bila kumtuhumu, wapime pamoja injini ikiwa inaunguruma. Pedali ikanyagwe mara moja: inasimama wapi? Ikanyagwe mara tatu za haraka: inapanda? Ishikiliwe kwa hesabu ya thelathini: inazama? Injini izimwe, pedali ikanyagwe mpaka iwe ngumu, kisha iwashwe: inashuka kidogo? Halafu macho yaende kwenye chupa ya mafuta na ndani ya matairi manne ya nyuma na mawili ya mbele. Mwisho, gari tupu litembezwe mwendo wa mtu anayekimbia, mahali pa wazi, na kusimamishwa kwa nguvu. Liende moja kwa moja.

Gari likifeli hata kimoja kati ya hivyo, lisipakiwe. Mzigo wa mboga ukichelewa usiku mmoja hushuka bei, lakini bado ni mzigo. Wakulima wanaopakia kwa kikundi wako katika nafasi nzuri zaidi, kwa sababu mwenye Canter aliyekataliwa na watu ishirini kwa siku moja hupata muda wa gereji haraka.

Mlimani penyewe, gari zima nalo huuawa na uendeshaji. Gia iingizwe kabla ya mteremko kuanza, na iwe ndogo kiasi kwamba injini inalishikilia gari bila breki kukanyagwa kila wakati. Breki ya ekzosi, kama ipo na inafanya kazi, iwashwe kuanzia juu. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli ni kuiondoa injini kazini na kuziachia dramu pipa lile zima la joto. Harufu ya kuungua ikianza, kuna muda bado: dereva asimame mahali pa tambarare, atingo aweke choki, na wasubiri mpaka dramu zipoe zenyewe. Maji yasimwagiwe, kwani chuma chenye joto kali hupasuka.

Pedali ikizama kabisa katikati ya mteremko, akanyage haraka haraka kutafuta breki iliyobaki, ashushe gia moja moja, na breki ya mkono aivute taratibu akijua kwamba inashika shafti tu na haikutengenezwa kusimamisha tani sita zinazokimbia. Abiria waliokaa juu ya magunia hawana cha kushika, na hawakupaswa kuwa juu pale.

Gari likitoka gereji lisiende mlimani siku hiyo hiyo na mzigo kamili. Laining mpya zinahitaji kuzoeana na dramu kwa safari chache za tambarare, na baada ya hapo breki hukazwa tena, kwa kuwa viatu vipya hukaa sawa vikishalika kidogo. Fundi aambiwe mapema kwamba gari litarudi kwa kazi hiyo, ili bei yake iwemo kwenye bili ya kwanza.